Nafasi Waliyoiacha Ndege

Asubuhi ya nne tangu wahamie, Sindano aligundua kwamba ndege wa bustani ile walikuwa wanaacha nafasi.

Halikuwa jambo la kumtoa mtu jasho. Alikuwa amemwaga mtama kama kawaida yake, kuanzia bomba la maji hadi chini ya ukuta wa nyuma, na ndege wakashuka kwa fujo: shomoro wasiohesabika, tetere wawili, kunguru mmoja mwenye kiburi cha mkuu wa kituo. Walijaa kote wakidonoa na kusukumana. Ila pale chini ya ukuta, palipokuwa na mtama mwingi kuliko mahali pengine popote, hapakuwa na hata mmoja. Palikuwa na duara tupu, upana wake kama mtu aliyeketi akakunja miguu. Shomoro walifika kwenye ukingo wa lile duara, wakageuka. Mmoja alisukumwa na wenzake akaangukia ndani yake, akaruka kwa kelele kama aliyekanyaga kaa la moto, na hakuonekana tena asubuhi ile.

"Umeona, Mwalimu?" Sindano alimwambia mumewe. "Hata ndege wa huku wanabaguana."

Mwalimu aliubana mkono wa mkewe mara moja. Mara moja maana yake ndiyo.

Hiyo ndiyo lugha waliyobakiwa nayo. Miezi minane nyuma, kiharusi kilimwangusha Mwalimu akiwa darasani, chaki mkononi, katikati ya sentensi. Kiliondoka na upande wake wote wa kulia na kila neno alilokuwa nalo. Mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani alianza na utangulizi, leo alikuwa na mkono wa kushoto tu: kubana mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mkewe alikuwa fundi wa kushona, na watu walimwita Sindano kwa sababu ya kazi hiyo, ingawa waliowahi kugombana naye walisema jina limetokana na ulimi. Ulimi huo nao ulikuwa umepungua makali. Mtu hagombani peke yake.

Walihama kwa ajili ya ngazi. Kule walikokuwa ni ghorofa ya tatu, na kiti cha magurudumu hakipandi ngazi. Nyumba hii ilikuwa chini, ina bustani na mpera mmoja, na ilikuwa imekaa muda mrefu bila mtu. Chumba cha kulala kilikuwa na dirisha pana lililotazama bustani. Sindano alikisogeza kiti cha Mwalimu hapo, akaweka cherehani yake pembeni, na kila asubuhi jua likichomoza wakawa wanatazama ndege.

Hapo dirishani ndipo walipofanyia mazoezi. Yule binti wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kuongea upya alikuwa amemwelekeza Sindano vizuri. "Usimlazimishe kutafuta maneno mapya, Mama. Mpe yale aliyoyasema mara elfu. Methali zinasaidia sana. Wewe sema nusu ya kwanza, kisha nyamaza umsubiri amalizie. Rudia mara tatu. Na utoe sauti, usinong'one."

Kwa hiyo kila asubuhi, dirisha likiwa wazi na mtama ukiwa umeshamwagwa, Sindano alitoa sauti. "Haba na haba..." Akasubiri. Kimya. "Haraka haraka..." Kimya. Ya mwisho ndiyo aliyoipenda, kwa sababu ya neno lililokuwa mwishoni mwake, *mwenyeji apone*. Hiyo aliisema kwa moyo wake wote, uso ukiwa umeelekea bustanini kwa kuwa ndiko yalikokuwa macho ya mumewe.

"Mgeni njoo..." alisema. "Mgeni njoo... Mgeni njoo..."

Kisha akanyamaza na kusubiri. Mwalimu alitazama ndege, mdomo umepinda, udenda ukimtoka polepole. Sindano alimfuta, akaenda kuwasha jiko.

Siku ya sita, lile duara halikuwa chini ya ukuta tena. Lilikuwa kwenye shina la mpera. Siku ya nane lilikuwa kando ya bomba. Fundi hakisii, hupima; kwa hiyo ndege walipoondoka Sindano alitoka na utepe wake wa kupimia na kipande cha chaki ya kushonea. Akapima kutoka ukingo wa duara hadi ukutani chini ya dirisha. Mita nne na nusu. Mtama uliokuwa ndani ya duara haukuguswa, lakini ulikuwa umelowa, na jua lilikuwa kali. Akainama kuuokota. Harufu iliyompanda puani ilikuwa ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto tayari kwa kunyonyolewa. Akaudondosha.

Siku hiyohiyo alimkuta jirani yake akianika nguo upande wa pili wa ukuta. Huyu mtaa mzima ulimwita Bibi Redio, kwa kuwa habari haikupita kwake bila kutangazwa.

"Jirani, ndege wa hapa mmewafundisha nini?" Sindano alisema. "Wanakula, halafu wanaacha kiti cha mgeni rasmi."

Bibi Redio alishika shati lenye maji asilianike. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kiti kiko wapi?"

"Juzi kilikuwa chini ya mpera. Leo kiko pale bombani."

"Kwa hiyo kinasogea."

"Kinasogea."

"Kinakwenda wapi, jirani?"

Sindano alitaka kucheka. Akageuka kutazama, na jicho lake likafuata mstari kutoka ukutani, kwenye mpera, bombani, hadi kwenye dirisha ambapo kichwa cha Mwalimu kilionekana kimeegemea upande mmoja. Kicheko kikamkauka. "Kinakuja kwetu," alisema.

"Ndege hawakai alipokaa mtu," Bibi Redio alinong'ona. "Mimi sijasema kitu. Ila ukihitaji msaada niite. Niite mchana, tafadhali." Akaingia ndani na kuacha nusu ya nguo kwenye beseni. Siku ile haikutangazwa habari yoyote mtaani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Sindano hakufunga dirisha. Jibu ni rahisi. Mwalimu alikuwa anapenda ndege, ndilo jambo pekee lililokuwa likimfanya macho yang'ae, na mwanamke aliyemwona mumewe akifa nusu hawezi kumnyima nusu iliyobaki kwa sababu ya mtama uliolowa. Siku ya tisa, mita tatu. Siku ya kumi, mita moja na robo. Siku ya kumi na moja hakuhitaji utepe. Duara lilikuwa limegusa ukuta chini ya dirisha, na ndege walikula mbali, kule kwenye mpera, wakiinua vichwa kila baada ya punje mbili.

"Haba na haba..." Kimya. "Haraka haraka..." Kimya. "Mgeni njoo..."

"Mwenyeji apone," alisema Mwalimu.

Sindano alipiga yowe. Alipiga magoti, akamshika uso, akambusu kwenye paji la uso, kwenye macho, kwenye ule mdomo uliopinda, huku akilia na kucheka na kumwambia, "Sema tena, sema tena!" na Mwalimu akasema tena. Ilikuwa sauti yake ileile ya darasani, nzito na safi, bila kwikwi, bila mkwaruzo wa miezi minane ya kutotumika. Nyuma yake ndege wote waliruka kwa mpigo mmoja. Ile harufu ya kuku aliyemwagiwa maji ilikuwa imeingia chumbani. Sindano aliinusa, akaiacha ipite. Alikuwa na furaha mno.

Kufikia mchana Mwalimu alikuwa na maneno kumi. Kesho yake alikuwa na sentensi nzima.

"Umeamkaje, mwenyeji?"

"Tangu lini mimi nikawa mwenyeji?" Sindano alimtania. "Mimi si Sindano wako?"

"Sindano," alisema Mwalimu polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye daftari la mahudhurio la darasa asilolijua.

Mchana huo Sindano alimpigia simu binti yao, mtoto wao pekee, aliyeolewa mji mwingine. Hakumwambia kitu, alimwekea baba yake simu sikioni tu. "Hujambo, mwanangu?" alisema Mwalimu, na kule upande wa pili kikasikika kilio cha mtu mzima anayelia kama mtoto. Waliongea muda mrefu. Simu iliporudi kwa Sindano, binti alikuwa bado anavuta kamasi.

"Mama, Mungu ni mkubwa. Ila nani mwingine yuko hapo?"

"Tuko wawili tu."

"Kuna mtu anamtangulia Baba. Kila neno linasemwa kwanza na huyo, chini chini, halafu ndipo Baba analitamka. Au ni simu yangu?"

"Ni simu yako," Sindano alisema. Hakujua kwa nini alisema haraka vile.

Asubuhi ya kumi na tatu ndege hawakushuka.

Walikuwapo. Walikuwa juu ya ukuta wa nyuma, mstari mmoja kutoka kona hadi kona, shomoro kwa tetere kwa kunguru, wamebanana bega kwa bega bila hata mmoja kutoa sauti. Mtama ulikuwa chini, hakuna aliyeugusa. Sindano alitafuta ile nafasi kwa macho, kwanza chini ya dirisha, kisha bombani, kisha kwenye mpera, kisha akaipitia ile safu ya juu ya ukuta ndege kwa ndege akitafuta pengo, na pengo halikuwapo, hakuna mahali popote bustanini ambapo ndege waliogopa kuliko pengine, na alipokuwa anajiuliza limekwenda wapi ndipo akaona kwamba ndege wote wale, mamia ya macho madogo meusi, walikuwa wanatazama dirisha, na kwamba hawakuwa wanamtazama yeye, walikuwa wanatazama kidogo pembeni yake, pale kwenye kiti cha magurudumu.

Aliutafuta mkono wa kushoto wa mumewe, akaushika.

"Mwalimu," alinong'ona. "Uko salama?"

"Niko salama kabisa, mke wangu," ilisema ile sauti nzuri. "Sijawahi kuwa salama kama leo."

Mkono ulibana mara mbili.

Sindano alimwinamia. Akauliza tena, "Anayeongea ni wewe?"

"Ni mimi. Nani mwingine atakuwa?"

Mara mbili. Kisha mara mbili tena, kwa nguvu, hadi pete yake ikamwumiza kidole, na juu ya mkono ule unaokataa kulikuwa na uso unaotabasamu, uso wa mumewe ambao ule mpindo wa kiharusi ulikuwa umenyooka sana, umenyooka kupita hata ulivyokuwa kabla hajaugua.

Mtu angetegemea kwamba alikimbia kutafuta msaada saa ileile. Hakukimbia, na hapa tusimpake rangi. Sindano aliishi miezi minane na ukimya, akiongea peke yake jikoni, akijijibu mwenyewe. Sasa palikuwa na sauti ndani ya nyumba, na sauti ile ilijua kusema. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa Mwalimu hakuwahi kumwambia kwamba ni mzuri bila kumkosoa jambo fulani papo hapo. Sauti ile ilimwambia. Ilimwambia mikono yake ni ya dhahabu. Ilimwomba msamaha kwa makosa aliyoyasubiria radhi tangu ujanani, makosa ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyajua. Aliketi kwenye cherehani bila kushona akisikiliza, mwili ukimsisimka kwa hofu na moyo ukinywa kila neno. Na ili asiendelee kuuhisi ule mkono, aliuchukua akaufunika kwa blanketi, akachomekea blanketi pande zote.

Siku mbili nzima mkono wa Mwalimu ulikaa chini ya blanketi.

Siku ya tatu sauti ilisema, "Mwenyeji, huo mkono ungekatwa tu. Haunifai kitu." Ilisema kwa upole uleule.

Sindano alisimama. Alinyanyua blanketi. Mkono ulikuwa umeshika shuka, na ulikuwa unabana: mara mbili, unapumzika, mara mbili, unapumzika. Shuka lilikuwa limechanika. Kucha mbili zilikuwa zimevunjika na damu imeshakauka. Siku mbili usiku na mchana alikuwa anamwita, na yeye mkewe ndiye aliyemfunika. Aibu iliyompata wakati ule ilikuwa kubwa kuliko woga. Alitoka mbio bila viatu hadi kwa Bibi Redio.

Mtu aliyeletwa na Bibi Redio alikuwa fundi wa majokofu. Alikuja na ovaroli yake na boksi la vifaa, mwanamume mfupi mwenye kitambi na mafuta ya mashine kwenye kucha.

"Mimi niliomba mganga," Sindano alinong'ona mlangoni.

"Ndiye," Bibi Redio alinong'ona. "Kazi hii aliirithi kwa mama yake. Ya majokofu aliisomea mwenyewe."

"Tuseme jokofu lako limeharibika, Mama," yule fundi alisema kwa sauti kubwa ili isikike chumbani. Alipita mbele ya mlango wa chumba cha kulala, akamsalimia Mwalimu kwa adabu, akanusa, akachungulia ndege juu ya ukuta. Jikoni alifungua bomba maji yamwagike kwa kelele kwenye sinki, akamsogelea Sindano sikioni.

"Nani alimwita?"

"Hakuna aliyemwita mtu."

"Hawa hawaji bila kuitwa. Hebu nieleze asubuhi zako, tangu unaamka."

Sindano akamweleza: dirisha, mtama, ndege, nusu za methali. Alipofika kwenye ile ya mwisho fundi alifumba macho.

"Mara tatu kila siku," alisema. "Dirisha wazi. Chakula nje."

"Ni mazoezi ya hospitali, fundi! Nilikuwa namfundisha mume wangu!"

"Najua, Mama. Aliyekutuma hakukosea na wewe hukukosea. Lakini nje kulikuwa na kitu, pengine kimekaa chini ya ukuta ule miaka na miaka bila mtu kukisemesha, kikasikia kinakaribishwa kila asubuhi. Kikaja. Ukaomba mwenyeji apone, kikajitahidi kumponya kwa namna kinavyojua."

"Kinataka nini?"

"Mgeni anataka nini? Kukaa. Kimeshachukua mdomo na uso. Kilichobaki ni ule mkono. Siku ukikubana mara moja kwa kila unachouliza, ujue humo ndani hakuna mtu wako tena."

Maji yalikuwa yanamwagika. Sindano alishika ukingo wa sinki. "Na nikikitoa?"

"Kitaondoka na kilichokuja nacho. Sauti. Sitakudanganya, Mama, anaweza asiongee tena mpaka mnazikana." Fundi alishusha sauti zaidi. "Na kitakwenda popote kitakapokaribishwa. Kila aliyezungumza nacho achunge mdomo wake."

"Humu tuko wawili tu," Sindano alisema.

"Basi chunga wako. Mgeni siku mbili..."

"Siku ya tatu mpe jembe," Sindano alimalizia bila kufikiri.

"Ndiyo dawa yenyewe. Hawa ni wa adabu za zamani. Akipewa jembe na aliyemkaribisha, hawezi kukataa, na hakuna anayeweza kulima akiwa amekaa ndani ya mdomo wa mtu."

Kabla ya lolote, Sindano alisema, lazima amuulize mwenye mwili. Akaenda, akapiga magoti kando ya kiti, akaushika ule mkono wenye kucha zilizovunjika. Alimweleza yote sikioni, akilia. "Ukikubali hutaongea tena, Mwalimu. Pengine milele. Unakubali?"

"Anasema hapana," ilisema sauti kutoka juu ya kichwa chake.

Mkono ulibana mara moja.

Jembe lilitoka kwa Bibi Redio. Sindano aliliegemeza kwenye mpera kwa mikono yake mwenyewe, kama alivyoagizwa, na jua la asubuhi lilikuwa limeshapanda, na ndege walikuwa kimya juu ya ukuta, na fundi alisimama nyuma ya mlango akisoma maneno yake chini kwa chini. Sindano alirudi dirishani.  

"Mgeni wetu. Umekula, umelala, tumekuheshimu. Leo ni siku ya kazi. Jembe lile pale."

Mwalimu alimgeukia. Lile tabasamu liliporomoka, na sauti iliyotoka haikuwa tena ile ya darasani. Ilikuwa sauti ndogo ya mgonjwa, iliyopasuka. "Sindano," ilisema, na safari hii ililijua jina. "Ni mimi mumeo. Usinirudishe kule. Kule ni giza, mke wangu, nawasikia mnanizungumzia kama kiti, nawaita na hamsikii, miezi minane nawaita, na leo nimepata mlango unataka kuufunga kwa mkono wako, ni mimi, niulize lolote, niulize siku tuliyokutana nguo gani ulivaa, ni mimi, Sindano, ni mimi, nionee huruma, usinizike nikiwa hai." Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye macho yote mawili, na Sindano hakujua tena, hakuwa na hakika hata kidogo, alikuwa tayari kumkumbatia na kufunga dirisha na kuishi hivyo na liwalo na liwe, na kitu kimoja tu kilimzuia. Mkono ulimbana mara moja. Ukatulia, ukangoja.

"Jembe lile pale," alisema.

Mdomo wa Mwalimu ulifunguka. Ulifunguka zaidi ya mdomo unavyofunguka, na ndani ya koo lake kukasikika mbawa, mbawa nyingi zilizolowa zikijipiga mahali pembamba, na ile harufu ikajaa hadi Sindano akatapika pale pale, na kitu cha baridi kikampita shavuni, pazia likavutwa nje kwenye nondo za dirisha kana kwamba limeshikwa. Ndege waliondoka ukutani kwa kishindo. Chini ya mpera jembe lilisimama peke yake. Likapanda juu. Likashuka. Likapanda, likashuka, udongo ukirushwa hadi dirishani, mara saba, kila pigo la hasira zaidi kuliko lililotangulia. Kisha mpini ukaanguka.

"Mgeni mvivu akionyeshwa jembe hukumbuka safari," alisema fundi. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alifunga boksi lake, akasema mtu asimwage mtama kwa siku tatu, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Mtama haukumwagwa, lakini kesho yake ndege walishuka wenyewe kutafuta funza kwenye ule udongo uliolimwa. Walijaa bustani nzima. Sindano alisimama dirishani akitafuta nafasi, akiwapitia kwa macho kutoka ukutani hadi bombani, na hapakuwa na nafasi hata ya kuweka kikombe. Mdomo wa Mwalimu ulikuwa umepinda tena na udenda unamtoka. Alimfuta. Hakuna uso aliowahi kuupenda kama ule.

"Umerudi?" alimuuliza. Mara moja.

"Umenisamehe kwa lile blanketi?"

Mkono ulikawia kidogo, kama Mwalimu wa zamani anayemfanya mwanafunzi asubiri alama zake. Kisha mara moja. Sindano alicheka hadi akakaa sakafuni.

Simu ililia akiwa bado pale chini. Alikuwa binti yao. "Mama, mpe Baba nimsalimie."

Alikuwa hajamwambia. Hakuwa na moyo wa kumwambia asubuhi nzuri kama ile. "Baba yako leo hasemi," alisema. "Msemeshe wewe tu, atakusikia."

Akamwekea Mwalimu simu sikioni, akaushika mkono wa mumewe kwa mkono wake mwingine, akaendelea kutazama shomoro. Alimsikia binti kwa mbali akisalimia. Akanyamaza kidogo. Akacheka. "Kweli, Baba?" Akanyamaza tena. Sindano alitabasamu, mtoto ana moyo, alifikiri, anajifanya anajibiwa ili mgonjwa afurahi.

Mkono ulibana mara mbili.

Sindano aligeuka. Midomo ya Mwalimu ilikuwa imefumba. Macho yake yalikuwa yametoka, yanamtazama yeye, na mkono ulibana mara mbili, mara mbili, mara mbili, bila kupumzika. Aliipokonya ile simu.

"Unaongea na nani?"

"Na Baba, Mama! Mbona unasema hasemi? Leo yuko safi kabisa, hata ile sauti ya chini haipo. Analalamika eti hapo kwako mmeanza kumlimisha." Binti alicheka. "Anaomba aje akae kwangu kidogo."

"Umemjibu nini?" Sindano aliuliza. "Mwanangu, umemjibu nini?"

"Na wewe Mama! Ningemjibu nini baba yangu? Nimemwambia karibu, njoo hata leo, nyumba ni yako."

Sindano alianza kupiga kelele kwenye simu, ameishika kwa mikono yote miwili, na kule upande wa pili binti yake alikuwa anamwambia subiri kwanza, Mama, sikusikii, kuna harufu hapa kama ya kuku. Nyuma yake, kwenye kiti, mkono wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa unabana hewa.